Je, Santuri Nzito Hutoa Sauti Bora Kuliko Nyepesi?



Swali hili laonekana dogo, lakini watu wengi wamelilipia fedha nyingi kabla ya kulifikiri. Katika maduka ya santuri ya Ulaya na Marekani, na hata katika vibanda vichache vya Nairobi ambako santuri huuzwa, juu ya majalada mengi hubandikwa kikaratasi kisemacho kwamba santuri iliyomo ndani ina uzito wa gramu 180. Santuri ya kawaida ya inchi 12 huwa na uzito wa gramu 120 hadi 140. Ile nzito huuzwa kwa bei ya juu zaidi, na mnunuzi huambiwa, au hudhani mwenyewe, kwamba bei ile ni ya sauti bora.

Biashara hiyo si ndogo. Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba santuri imekwisha kufa. Lakini mwaka wa 2022 nchini Marekani ziliuzwa santuri za plastiki milioni 41 hivi, na zile sahani ndogo za CD milioni 33 hivi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1987 kwa santuri kuzishinda CD kwa hesabu ya zilizouzwa. Penye wanunuzi wengi hivyo, maneno ya kuwavuta hayakosi, na si kila neno lina ukweli ndani yake.

Ichukuliwe mfano wa kijana afanyaye kazi mjini. Baba yake aliye kijijini ametunza tangu ujana wake sanduku la santuri ndogo za miaka ya 1960 na 1970, pamoja na mashine ya kuzipigia. Siku hizi mzee analalamika kwamba nyimbo zake zimeanza kukwaruza, na maneno hayasikiki vizuri. Kijana ameweka akiba kidogo kidogo, naye ataka kumpelekea mzee zawadi ya kumfurahisha. Muuza duka amwonyesha santuri mpya. "Chukua hii nzito, kijana wangu," amwambia. "Ukiishika tu utajua. Sauti yake haina mfano." Kijana aipima mkononi, aona kweli ni nzito, naye aanza kuhesabu noti. Kabla hajamaliza kuhesabu, yafaa ajue analipa kwa kitu gani.

SAUTI HUKAA WAPI

Mwaka wa 1877 Thomas Edison wa Marekani aliunda mashine ya kwanza iliyoweza kushika sauti ya mtu na kuitoa tena. Mashine hiyo ilitumia silinda. Miaka 10 baadaye, mwaka wa 1887, Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wa chombo chake cha gramafoni, na kutokana na kazi yake ndipo yalipoenea mabamba ya duara yanayojulikana hivi leo. Tangu wakati huo mambo mengi yamebadilika, lakini asili yake ni ile ile: sauti imeandikwa katika mfuo mmoja mrefu uzungukao kutoka ukingoni mwa santuri mpaka karibu na karatasi ya katikati. Sindano hupita ndani ya mfuo huo, nayo hutikiswa na mabonde na vilima vidogo vilivyomo kandokando. Mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme, umeme hukuzwa, kisha kipaza sauti huurudisha kuwa sauti.

Mfuo wa santuri kubwa ya kisasa ni mwembamba mno. Upana wake wa kawaida ni kama sehemu 50 katika sehemu 1,000 za milimita moja, na kina chake ni kama nusu ya hiyo. Unywele wa kichwa cha mtu kwa kawaida ni mnene kuliko upana huo. Na yafaa kukumbuka jambo hili: sauti yote, ya ngoma na ya zeze, ya mwimbaji na ya waitikiaji, imo ndani ya kina hicho kidogo. Chini ya mfuo ni plastiki tupu isiyoandikwa kitu.

Sasa na ifanywe hesabu. Santuri ya inchi 12 ni duara lenye upana wa sentimita 30, na eneo lake ni kama sentimita za mraba 700. Plastiki yake ina uzito wa kama gramu 1.4 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Basi santuri ya gramu 140 ina unene wa kama milimita 1.4, na ile ya gramu 180 ina unene wa kama milimita 1.8. Tofauti yake ni sehemu nne za kumi za milimita. Lakini hata katika ile nyembamba, kina cha mfuo mmoja chaweza kuingia katika unene wa santuri zaidi ya mara 50. Nyumba yenye msingi wa kutosha haiwi na vyumba vikubwa zaidi kwa kuongezewa mawe chini ya msingi. Kadhalika santuri: plastiki iliyoongezwa chini ya mfuo haiongezi kitu ndani ya mfuo.

JINSI SANTURI INAVYOTENGENEZWA

Wako watu wasemao kwamba santuri nene huchimbwa mifuo yenye kina zaidi, na kwa hiyo hutoa sauti nono zaidi. Maneno hayo yangekuwa kweli kama kila santuri ingechimbwa peke yake kwa patasi, kama fundi achongavyo mlango. Lakini sivyo kazi inavyofanywa.

Kwanza fundi huchukua bamba la aluminiamu lililopakwa vanishi laini, naye hulichimba mfuo kwa mashine yenye ncha kali, huku muziki ukipigwa kutoka katika utepe au chombo kingine kilichohifadhi sauti. Bamba hilo hunyunyiziwa fedha nyembamba, kisha hutiwa katika maji ya dawa yapitishwayo umeme, hata likafunikwa na madini ya nikeli. Nikeli hiyo ikibanduliwa huwa na alama za kinyume: palipokuwa na mfuo sasa pana tuta. Mafundi huiita baba. Kutoka kwa baba hupatikana mama, mwenye mifuo kama ya bamba la kwanza, na kutoka kwa mama hupatikana mihuri, yenye matuta tena. Mihuri miwili, mmoja wa kila upande, hufungwa katika mashine ya kugandamiza. Donge la plastiki lililopashwa moto huwekwa katikati, nayo mashine huligandamiza kwa nguvu ya tani 100 au zaidi, huku mvuke ukiilainisha plastiki na baadaye maji baridi yakiigandisha. Kazi yote huchukua kama nusu dakika. Kiwanda kilichoko Loděnice katika Jamhuri ya Cheki, kilichoanza kazi hiyo mwaka wa 1951, sasa ndicho kikubwa kuliko vyote duniani.

Jambo la maana hapa ni kwamba mihuri ile ile yaweza kutumika kwa santuri nyepesi na kwa santuri nzito. Likitiwa donge dogo, hutoka nyepesi. Likitiwa donge kubwa, hutoka nzito. Matuta ya muhuri hayarefuki kwa sababu ya ukubwa wa donge. Alama iliyochapwa katika zote mbili ni moja, kama vile muhuri wa posta usivyobadilika maandishi yake ukipigwa juu ya karatasi nyembamba au juu ya kadi nene.

UZITO ULIKOTOKA

Kama uzito ungekuwa ndio sauti, basi santuri za kale zingekuwa bora kuliko zote. Wazee wa pwani na wa bara wazikumbuka zile santuri zilizozunguka mara 78 kwa dakika. Hizo zilitengenezwa kwa utomvu utolewao na wadudu wa India, ule ule ulio asili ya lakiri ya kutilia muhuri barua, nao ulichanganywa na unga wa mawe. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake mpaka Bombay, akaimba kwa Kiswahili mbele ya mashine za kampuni ya His Master's Voice, na sauti yake ikaenea pwani yote juu ya santuri za namna hiyo. Kwa ukubwa wake zilikuwa nzito, tena ngumu. Lakini zilivuma na kukwaruza kwa sababu ya ule unga wa mawe, upande mmoja ulikuwa na muda wa dakika tatu au zaidi kidogo tu, na zikianguka sakafuni zilivunjika kama sahani ya udongo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, utomvu ule wa India ulipokuwa haba, Wamarekani walianza mwaka wa 1943 kuwapelekea askari wao santuri za plastiki ya vinili zisizovunjika ovyo njiani. Mwezi wa Juni mwaka wa 1948 kampuni ya Columbia ilitoa santuri kubwa ya vinili yenye mifuo myembamba, izungukayo mara 33 na theluthi moja kwa dakika, na upande mmoja ukaweza kuchukua zaidi ya dakika 20. Mwaka uliofuata kampuni ya RCA Victor ilitoa santuri ndogo ya mizunguko 45, ambayo ndiyo iliyopendwa sana baadaye katika Afrika ya Mashariki. Santuri hizo mpya zilikuwa nyepesi kuliko zile za kale, na sauti yake ilikuwa safi zaidi. Basi katika badiliko lililo kubwa kuliko yote katika habari za santuri, uzito ulipungua na sauti ikazidi kuwa njema.

Je, sifa ya uzito ilizaliwaje? Santuri nyingi za miaka ya 1950 zilikuwa nene kidogo. Karibu na mwaka wa 1970 kampuni zilianza kupunguza plastiki. Ile ya RCA ilitoa santuri nyembamba iliyokunjika mkononi, iliyoitwa Dynaflex. Mwaka wa 1973 mafuta ya petroli yakawa haba duniani, nayo vinili hutokana na mafuta hayo. Viwanda vingine vilitumia plastiki kidogo zaidi, na vingine vikasaga santuri kuukuu na kuichanganya plastiki yake na mpya. Kelele zikaongezeka. Wapenzi wa muziki wakalinganisha santuri hizo na zile nene za zamani, wakasema, "Tazama, nyembamba ni mbaya." Lakini ubaya ulikuwa katika plastiki chafu na kazi ya haraka.

Tangu miaka ya 1990 kampuni kadhaa zilianza kutoa upya muziki wa zamani kwa uangalifu mkubwa. Zilitafuta utepe wa asili, zikawapa kazi mafundi hodari, zikachagua plastiki safi, tena zikapiga santuri za gramu 180. Sauti ilikuwa nzuri sana, nao wanunuzi wakashika lile jambo moja lililoweza kupimwa kwa mkono, yaani uzito. Watu wenye miavuli huonekana kila inaponyesha mvua, lakini hakuna mkulima afunguaye mwavuli shambani ili kuita mvua. Baada ya hapo kampuni nyingine ziliona kwamba yatosha kuongeza plastiki na kubandika kikaratasi, bila ya kutafuta utepe wa asili wala fundi hodari.

FAIDA ILIYOMO KATIKA UZITO

Si haki kusema kwamba uzito hauna faida hata kidogo. Santuri nene ni ngumu kukunjika. Ikisafirishwa mbali, au ikiegemezwa vibaya rafuni, huvumilia zaidi kabla ya kupinda. Hulala vizuri juu ya kisahani cha mashine, na mtu aishikaye huiona kuwa ni kitu cha thamani, akaitunza. Hizo ni faida za kweli, na mtu akitaka kuzilipia asilaumiwe.

Lakini hata hapo kuna upande wa pili. Plastiki nyingi hushika moto muda mrefu zaidi. Mwenye kiwanda akiwa na haraka, akaitoa santuri nzito kabla haijapoa vizuri, hupinda mara moja, na uzito wake hauisaidii tena. Pengine plastiki hushindwa kujaa barabara ndani ya muhuri, na msikilizaji husikia mchakacho kama wa karatasi ipasuliwayo. Tena gramu 40 zilizoongezwa juu ya gramu 140 ni zaidi ya robo. Katika santuri 1,000 hizo ni kilo 40 za plastiki zaidi, na nauli yake, nayo yote hulipwa na mnunuzi.

Wengine husema pia kwamba unene hubadilisha pembe ya sindano. Ni kweli, lakini ni kidogo mno. Mkono wa sindano una urefu wa kama sentimita 23. Ukiinuliwa sehemu nne za kumi za milimita, pembe yake hubadilika kwa kama sehemu moja ya kumi ya digrii moja. Si jambo la kumnyima mtu usingizi.

MAMBO YALETAYO SAUTI NJEMA

Kama si uzito, basi ni nini? Mambo yako mengi, nayo yafaa kutajwa kwa utaratibu wake.

La kwanza ni chemchemi yenyewe, yaani utepe au chombo kilichohifadhi muziki. Mfano mmoja wajulikana sana. Tarehe 2 Machi mwaka wa 1959, mjini New York, Miles Davis na wenzake walipiga nyimbo tatu zilizowekwa upande wa kwanza wa santuri iitwayo Kind of Blue. Mashine ya utepe iliyotumika siku hiyo ilikuwa ikienda polepole kidogo. Kwa hiyo utepe ulipopigwa kwa mwendo ulio sawa, muziki ulitoka juu kidogo kuliko ulivyopigwa. Kosa hilo lilikaa katika santuri kwa zaidi ya miaka 30, mpaka katika miaka ya 1990 lilipoanza kusahihishwa kwa kutumia utepe wa akiba uliokuwa umerekodiwa kwa mashine nyingine. Kama santuri ile ingepigwa kwa gramu 180, au 200, au ratili nzima, kosa lingebaki pale pale. Maji yakiwa na chumvi kisimani, mtungi mnene hauyafanyi matamu.

La pili ni mkono wa fundi achimbaye lile bamba la kwanza. Fundi asiyejua kazi huharibu muziki mzuri, na hakuna kiwanda kiwezacho kuutengeneza baadaye.

La tatu ni muda uliosongwa katika upande mmoja. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi ikianza ukingoni, mfuo hupita chini ya sindano kwa mwendo wa kama nusu mita kwa sekunde. Ikifika karibu na katikati, mwendo ni kama sentimita 20 tu kwa sekunde. Mawimbi ya sauti hubanwa katika nafasi ndogo, na sindano hupata taabu kuyafuata. Ndiyo sababu wimbo wa mwisho mara nyingi hukwaruza kuliko wa kwanza. Tena upande ukijazwa dakika nyingi mno, mifuo husongamana, na fundi hana budi kupunguza nguvu ya sauti. Mwenye kutaka sauti bora afadhali aulize, "Upande mmoja una dakika ngapi?" kuliko kuuliza, "Una gramu ngapi?"

La nne ni tundu la katikati. Tundu likikosea mahali pake kwa nusu milimita tu, nota ndefu ya piano au ya zumari husikika ikiyumba kama mlevi. Kosa la namna hiyo laweza kuwa katika santuri nzito kama katika nyepesi.

La tano, na ndilo lililo katika uwezo wa kila mtu, ni sindano. Ncha ya almasi iliyochakaa huwa na kingo kali. Haishii katika kutoa sauti mbaya, bali hukwangua mfuo kila ipitapo, na kilichokwanguliwa hakirudi.

MACHO HUYADANGANYA MASIKIO

Hata hivyo wako watu waaminifu wasemao, "Sisi tumesikiliza, na nzito ni bora." Watu hawa hawasemi uongo. Lakini mtu ashikaye santuri nzito, aliyekwisha kulipa fedha nyingi, tena aliyesoma kile kikaratasi, huketi kusikiliza akiwa tayari amekwisha kuambiwa jibu. Chakula kikiletwa katika sahani nzuri, mlaji hukisifu kabla hajaonja.

Dawa yake ni rahisi. Zitafutwe santuri mbili za muziki ule ule, zilizotokana na bamba moja na kiwanda kimoja, moja nyepesi na moja nzito, zote safi na zisizopindika. Mtu mmoja azipige kwa zamu nyuma ya pazia, bila ya kusema ipi ni ipi, huku akiandika. Wasikilizaji waandike nao, kila mmoja peke yake, wala wasinong'onezane. Ifanywe hivyo mara 10 au zaidi, na sauti iwe na nguvu ile ile, kwa kuwa sauti iliyo kubwa kidogo tu hudhaniwa kuwa ni bora. Kisha karatasi zilinganishwe. Msikilizaji akikisia tu kama mtu arushaye sarafu, atapata karibu nusu. Jaribio hili halihitaji shahada ya chuo, nalo laweza kufanywa sebuleni wakati wa jioni.

Lazima lakini santuri ziwe za bamba moja. Mtu akilinganisha santuri nzito ya mwaka huu na nyepesi ya mwaka wa 1975, amelinganisha mafundi wawili, plastiki mbili na umri wa namna mbili. Katika kujaribu mbolea, mkulima mwenye akili hapandi mbegu mbili tofauti katika mashamba mawili tofauti, kisha akaisifu mbolea peke yake.

KUTUNZA KILICHOPO

Nairobi iliwahi kuwa na kiwanda chake cha kupiga santuri, na santuri ndogo za mizunguko 45 zilitoka humo na kwenda Kenya nzima na nchi za jirani. Siku hizo zimepita. Nyingi za santuri hizo hazikupigwa tena, na za nyimbo nyingine labda zimebaki chache tu, katika masanduku chini ya vitanda. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Santuri mpya ya gramu 180 ikiharibika, yaweza kununuliwa nyingine. Sauti ya mwimbaji wa kijijini aliyekwisha kufa, iliyo katika santuri moja nyepesi iliyojaa vumbi, ikikwanguliwa imekwenda.

Kwa hiyo mwenye santuri na azisimamishe wima, asizilaze moja juu ya nyingine. Asiziache juani wala ndani ya gari lililofungwa wakati wa mchana, maana vinili hulainika na kupinda, iwe nene au nyembamba. Azishike ukingoni na kwenye karatasi ya katikati, wala asiguse mifuo kwa vidole. Vumbi liondolewe kwa burashi laini kabla ya kupiga. Uchafu ulioganda uoshwe kwa maji safi na sabuni kidogo sana, bila ya kulowesha karatasi. Santuri za kale za mizunguko 78 zisisuguliwe kamwe kwa spiriti, kwa sababu spiriti huuyeyusha utomvu ule. Tena zina mifuo mipana, nazo zahitaji sindano yake pana. Na mashine ya kale yenye sindano ya chuma na mkono mzito isipigie santuri ya vinili hata mara moja. Sindano ya kisasa hulemea kwa kama gramu 2 tu. Gramu hizo mbili huihusu sauti kuliko gramu 180 zilizo chini yake. Na santuri iliyo adimu na inakiliwe mapema, ingali nzima, ili nakala isikilizwe kila siku na santuri yenyewe ipumzike.

MWISHO WA HESABU

Basi jibu la swali ni hili: santuri nzito si mbaya, na yaweza kudumu bila kupinda kuliko nyepesi, lakini uzito wenyewe hauleti sauti bora. Sauti njema hutoka katika utepe mwema, mkono wa fundi hodari, plastiki safi, kazi isiyo ya pupa, na sindano iliyo nzima. Zikikutana zote hizo katika santuri ya gramu 120, msikilizaji atafurahi. Zikikosekana katika ile ya gramu 180, atakuwa amenunua plastiki.

Na yule kijana aliyekuwa akihesabu noti dukani? Akiyajua haya, atairudisha santuri nzito mahali pake kwa adabu, naye atamwuliza muuza duka neno jingine: "Je, una sindano mpya inayofaa mashine ya mzee wangu?" Pengine itamgharimu nusu ya fedha zake, na iliyobaki itamtosha kununua burashi na nauli ya kwenda nyumbani. Jioni ile mzee ataitoa santuri moja katika lile sanduku la chini ya kitanda, ataifuta kwa uangalifu, na wimbo aliocheza katika ujana wake utasikika tena, maneno yake yote wazi. Hakuna atakayeuliza uzito wake.